Nani Anadai Mvua? Historia Fupi ya Chumvi Mawinguni

Wadau, leo nataka tuzungumze habari ya mvua. Si utabiri wa hali ya hewa, bali historia ya watu waliojaribu kuiamuru mvua inyeshe, na swali ambalo wote wamekutana nalo njiani: mvua ikishanyesha, utajuaje kwamba ni wewe uliyeinyeshesha?

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu. Inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili, na mwaka ukiwa mzuri tunapata milimita 600 hadi 800 hivi. Baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka Novemba nyingine. Alizeti, mtama, uwele, vitunguu, hata kuku wanaosafirishwa kwenda Dar, vyote vinategemea miezi hiyo michache. Mtu wa Bukoba akilalamika kwamba mvua imemchosha, mtu wa Singida anaona kama anatukanwa.

Kilichonisukuma kuandika ni utafiti wa mwanasayansi mmoja, Profesa Linda Zou, aliyekuwa akifanya kazi Abu Dhabi. Huyu mama alichukua punje ya chumvi, ya kawaida kama ile ya jikoni, akaivalisha koti jembamba sana la chembe za nanoteknolojia, ili ikirushwa mawinguni ivute maji kuliko chumvi ya kawaida. Nitafika huko. Lakini habari ya chumvi mawinguni haikuanzia Abu Dhabi. Sehemu yake moja iko jirani kabisa na sisi, na kabla ya chumvi kulikuwa na mawe.

Mawe ya mvua

Kaskazini mwa mkoa wetu, Wilaya ya Mkalama ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Iramba, wanaishi Waisanzu. Wengine huwaita Wanyisanzu au Waihanzu. Kijiji chao cha Kirumi kinajulikana kwa jambo moja kuu: mvua. Watawala wao, wa ukoo wa Anyampanda, walikuwa ndio wenye mvua. Na hawakuwa mmoja. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na kazi ya mvua haikukamilika bila wote wawili. Walikuwa na mawe ya mvua, dawa, na taratibu za kufungua msimu.

Waingereza walipotawala waliwatumia watu hao hao kama machifu wa serikali. Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ikafuta uchifu, lakini kufuta cheo hakukufuta imani. Mtafiti wa elimu ya jamii, Todd Sanders, alikaa na Waisanzu katika miaka ya 1990 akazikuta shughuli za mvua bado zinaendelea. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka 2008.

Sasa angalieni kitu kimoja. Mvua ikinyesha baada ya matambiko, sifa zinakwenda kwa wenye mvua. Isiponyesha, si lazima lawama ziwaendee wao. Kuna wachawi wanaoifunga mvua, kuna ugomvi ndani ya ukoo, kuna mtu aliyevunja mwiko. Yaani mpango mzima una jibu kwa kila matokeo. Msicheke mapema, kwa sababu wenye digrii nao wamefika hapo hapo.

Wingu hutengenezwa na uchafu

Kabla ya kwenda mbele, tuelewane kidogo kuhusu sayansi yenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba maji hupanda kama mvuke, yanapoa, yanakuwa mawingu. Kuna kitu kiliachwa hapo. Mvuke peke yake haupendi kugeuka tone. Unahitaji mahali pa kushika. Mahali penyewe ni chembechembe ndogo zinazoelea hewani, ambazo wanasayansi huziita erosoli: vumbi, moshi, chavua ya maua, chumvi iliyorushwa na mawimbi ya bahari. Katika miaka ya 1880 Mskochi John Aitken alionyesha kwamba hewa iliyochujwa vumbi haitengenezi ukungu kirahisi. Mwaka 1936 Msweden Hilding Köhler akaeleza kwa hesabu jinsi punje ya chumvi inavyosaidia tone kuzaliwa na kukua.

Kwa hiyo kila wingu unaloliona juu ya Mlima Hanang limeshika juu ya uchafu wa aina fulani.

Lakini wingu si mvua. Tone la wingu lina upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita. Ni jepesi mno kuanguka. Ili upate tone moja la mvua la milimita mbili unahitaji matone ya wingu kama milioni moja yaungane. Hapo ndipo chumvi inapoingia. Punje kubwa kidogo ya chumvi hutengeneza tone kubwa, na tone kubwa likishuka linagongana na wadogo zake, linawameza, linazidi kunenepa mpaka linafika chini. Mawingu yakiwa na matone madogo yanayolingana, yanaweza kupita juu ya shamba lako yote na yasikupe kitu.

Njia ya pili ni ya mawingu yenye baridi kali. Novemba 1946 huko Marekani, Vincent Schaefer wa kampuni ya General Electric alimwaga barafu kavu kutoka kwenye ndege na wingu likageuka theluji. Muda mfupi baadaye mwenzake Bernard Vonnegut akagundua kwamba iodidi ya fedha inafanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu fuwele zake zinafanana na za barafu. (Ndiyo, ni kaka yake Kurt Vonnegut, yule mwandishi wa riwaya.) Dunia ikapata wazimu wa mvua ya kutengeneza. Kila nchi ikataka kujaribu, na Tanganyika haikubaki nyuma.

Mabomu ya chumvi Kongwa

Wengi tunaijua Kongwa kwa mambo mawili: kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na mradi wa karanga. Huo wa karanga Waingereza waliuanza 1947 wakitaka kupata mafuta ya kula baada ya vita. Kongwa, Urambo na Nachingwea zingefyekwa ekari zaidi ya milioni tatu. Udongo ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, matrekta yakafa, mvua ikawapiga chenga. Mwaka 1951 serikali ya London ikakubali kwamba mradi umeshindwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimekwenda.

Kisichosimuliwa sana ni kilichofuata. Wakati huo Kongwa na Singida zilikuwa katika jimbo moja, Jimbo la Kati, na ukame wake ni ule ule. Kati ya Januari na Aprili 1952, watu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki walipiga kambi Kongwa kujaribu kuongeza mvua. Mkuu wa idara alikuwa D. A. Davies, na pamoja naye walikuwamo Hepburn na Sansom. Hawakutegemea ndege. Walichukua maputo ya hidrojeni, wakayafunga vibomu vya baruti iliyochanganywa na chumvi iliyosagwa laini, wakawasha utambi na kuyaachia. Puto linapanda, linaingia wingu, bomu linapasuka, chumvi inatawanyika.

Fikirini mkulima wa Kigogo amesimama shambani kwake, anaona Wazungu wanapeleka chumvi mbinguni kwa puto. Sidhani kama aliona tofauti kubwa na Kirumi.

Tofauti ilikuwepo lakini, na ndiyo kiini cha makala hii. Wale jamaa waliweka vipimo vya mvua. Walitaka kulinganisha kilichoanguka upande ambako upepo unapeleka mawingu yaliyorushiwa chumvi na kilichoanguka kwingine. Walipata dalili za kutia moyo. Wakaenda kurudia Mityana, Uganda, kati ya Septemba na Desemba 1954. Davies akaandika habari zake katika jarida la Nature mwaka huo huo. Lakini dalili haikugeuka ushahidi. Mvua ya kwetu ina tabia ya kunyesha shamba hili na kuruka shamba la jirani bila kusaidiwa na mtu. Katika msimu mmoja au miwili, huwezi kutenganisha kazi ya bomu lako na tabia ya wingu. Davies mwenyewe aliondoka 1955 kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, cheo alichokishika mpaka 1979. Maputo ya Kongwa yakasahauliwa.

Majirani zetu wa Kenya walikuwa na shida ya upande mwingine. Kericho na Nandi mvua ipo, ila inakuja na mawe, karibu siku 132 kwa mwaka, na mawe yanachana majani ya chai. Katika miaka ya 1960 walirusha roketi zenye baruti mawinguni, kisha kuanzia 1967 wakatumia ndege zenye iodidi ya fedha. Baadaye mtafiti Russell Schnell na mwenzake Tan-Schnell wakaonyesha, katika makala ya 1982, kwamba takataka za majani ya chai yaliyooza chini ya miche zinatoa chembe zinazogandisha maji vizuri sana. Kwa maneno mengine, huenda mashamba ya chai yenyewe yalikuwa yanasaidia kutengeneza mvua ya mawe inayoyapiga. Erosoli hazihitaji bomu ili zifike juu.

Mvua ya Thailand

Mnakumbuka 2006? Mtera ilikauka, mgao wa umeme ukawa wa kutwa, jenereta zikaimba Kariakoo nzima. Ni katika kipindi hicho Waziri Mkuu Edward Lowassa alipotuletea habari kutoka Thailand: kuna teknolojia ya mvua ya kutengeneza, na Tanzania inaweza kuipata. Si kwamba Thailand walikuwa wababaishaji. Mradi wao, ulioanzishwa na Mfalme Bhumibol, ulirusha ndege za kwanza 1969, na moja ya hatua zake ni kumwaga chumvi mawinguni. Kwetu mjadala uligeuka utani. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kwa sakata la Richmond, na mvua ya Thailand hatukuiona.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Mwishoni mwa 2006 El Niño ilileta mvua kubwa na mafuriko Afrika Mashariki. Kama zile ndege zingekuwa zimefika na kuanza kuruka Oktoba, nani angebisha kwamba mvua ni ya kwao? Magazeti yetu yangeandika kwa herufi kubwa. Mkataba ungeongezwa. Na mwaka wa ukame ungefuata, tungeambiwa mawingu hayakuwa ya aina inayofaa. Sifa zikija ni zako, lawama zikija ni za wingu. Kirumi tupu, ila kwa hati ya malipo.

Wasauzi, na bahati nasibu

Waliotuonyesha njia nzuri ya kujibu swali hili ni Waafrika Kusini. Mtaalamu wao Graeme Mather aliona kwamba mawingu yaliyopita juu ya kiwanda kimoja cha karatasi yalikuwa na matone makubwa kuliko mawingu ya jirani. Moshi wa kiwanda ulikuwa na chembe zinazovuta maji. Mather alichapisha jambo hilo 1991. Kisha yeye na wenzake wakatengeneza fataki za kufunga kwenye mabawa ya ndege zitoe moshi wenye chumvi za namna hiyo chini ya wingu.

Kizuri zaidi ni jinsi walivyojaribu. Wingu linalofaa likipatikana, uamuzi wa kulirushia au kuliacha ulifanywa kwa bahati nasibu, kama kurusha shilingi. Mawingu yaliyoachwa nayo yalifuatiliwa kwa rada kama yale mengine. Hapo huwezi kujidanganya kwa kuchagua mawingu yaliyokuwa tayari yananyesha. Matokeo waliyochapisha 1997 yalionyesha mawingu yaliyorushiwa yanatoa mvua zaidi. Mbinu ya fataki za chumvi ikasambaa duniani, na miaka ya 2000 Falme za Kiarabu zikawa miongoni mwa nchi zilizoichangamkia.

Koti la Linda Zou

Sasa tumefika Abu Dhabi. Mwaka 2015 Falme za Kiarabu zilianzisha mfuko wa utafiti wa kuongeza mvua, na Januari 2016 washindi watatu wa kwanza wakatangazwa wagawane dola milioni 5: Masataka Murakami wa Japani, Volker Wulfmeyer wa Ujerumani, na Linda Zou wa Taasisi ya Masdar, ambayo baadaye ikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Khalifa. Zou alikuwa anajulikana zaidi kwa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Safari hii aliombwa aitie chumvi kwenye wingu.

Shida aliyoiona ni hii. Chumvi ya kawaida haianzi kuyeyuka kwa unyevu wa hewa mpaka unyevu ufike kama asilimia 75. Hewa ya jangwani, na hewa ya Singida siku nyingi za mwaka, haifiki huko kirahisi.

Mnazijua karanga za mayai? Punje iko ndani, unga umeifunika pande zote. Ndivyo Zou na timu yake walivyofanya. Ndani fuwele ya chumvi, nje tabaka la chembe za dioksidi ya titani, ile ile inayotia weupe kwenye rangi za ukuta na dawa za meno, lakini ndogo kwa kiwango cha nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Koti hilo linapenda maji: linaudaka mvuke hewani na kuupitisha kwa chumvi iliyo ndani, kwa hiyo viwili hivyo vinasaidiana.

Katika makala waliyochapisha 2017 kwenye jarida la ACS Nano, walieleza kwamba kwenye unyevu wa asilimia 20 tu, punje yenye koti ilinasa mvuke takriban mara 295 kuliko chumvi tupu. Ilianza kuyeyuka kwenye unyevu wa asilimia 62 hadi 66. Katika hali hiyo chumvi tupu ilikuwa bado imekaa kama fuwele, wakati ile yenye koti imeshakuwa tone. Walipoijaribu ndani ya chumba cha wingu kilichotengenezwa maalumu, iliwapa pia matone makubwa zaidi.

Mimi nasema hongera. Hii ni kazi safi, na ukiiangalia ni jibu la swali ambalo Davies na wenzake walianza kuliuliza Kongwa kwa baruti: punje gani ya chumvi inafaa? Wao walisaga tu. Zou aliishona.

Lakini mnaona swali lililobaki? Maabara inaweza kukuambia punje moja inavuta maji kiasi gani. Haiwezi kukuambia wingu lililopita jana juu ya jangwa lingenyesha kiasi gani kama usingeligusa. Aprili 16, 2024 Dubai ilifurika, na sehemu moja ya Al Ain ikapata zaidi ya milimita 250 ndani ya saa 24. Dunia nzima ikapiga kelele: ni ndege za mvua! Kituo chao cha hali ya hewa kikakana kwamba ndege zilirusha chochote wakati wa dhoruba hiyo, na wataalamu wengi wakasema dhoruba kubwa namna ile haitengenezwi na chumvi. Nawaamini. Ila tazameni maajabu yake: mvua ikiwa ya wastani, tunaambiwa imeongezwa na ndege. Ikiwa ya maafa, ndege hazihusiki. Mtu wa kawaida atajuaje, kama vipimo haviwekwi mezani?

Kujua kunawezekana. Januari 2017, katika milima ya Idaho, Marekani, watafiti walirusha iodidi ya fedha huku rada zikitazama, na theluji ikaonekana ikijipanga kwa mistari ile ile ya njia ya ndege. Walichapisha 2018, zaidi ya miaka 70 baada ya Schaefer. Imechukua muda wote huo kupata picha moja isiyobishaniwa.

Na Singida?

Siku moja atakuja mtu, labda waziri, labda mfanyabiashara mwenye kompyuta na michoro mizuri, atatuambia nanoteknolojia inaweza kuleta mvua Singida. Tusimfukuze. Tumuulize maswali machache tu.

La kwanza, wingu liko wapi? Hakuna chumvi, yenye koti au isiyo na koti, inayotengeneza wingu pasipo wingu. Agosti yetu ya upepo mtupu haitasaidiwa na ndege yoyote. Labda Januari, pale kiangazi kifupi kinapoukamata mtama ukiwa magotini.

La pili, mawingu yatakayoachwa bila kurushiwa yatachaguliwa na nani? Kama jibu si bahati nasibu, tunanunua matambiko.

La tatu, vipimo vya mvua viko vingapi Mkalama, Iramba, Ikungi, Manyoni, na takwimu zake nani anaruhusiwa kuzisoma? Kwangu mimi, vipimo vinatakiwa kuja kabla ya ndege. Hata ndege zisipokuja kamwe, vitamsaidia mkulima kujua lini apande.

La nne, kile kinachorushwa kinaanguka wapi? Sisi tunakinga maji ya mvua kwenye mapaa, na visima vyetu vingi vina madini ya floraidi kuzidi kiasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dioksidi ya titani kwenye vyakula 2022. Kiasi cha mawinguni huenda ni kidogo mno kudhuru, lakini anayeuza ndiye anayepaswa kuonyesha, si anayekunywa.

Sisemi Waisanzu walikosea na Abu Dhabi wamepatia. Watu wa Kirumi walikuwa na jambo ambalo mikataba yetu mara nyingi haina: mwenye mvua alikuwa anajulikana kwa jina, anaishi kijijini, na shamba lake linakauka pamoja na ya wengine. Nikichanganya hilo na shilingi ya Mather na koti la Zou, hapo nitakuwa tayari kuchangia.

Nyie mnasemaje, hasa ndugu zangu wa Iramba na Mkalama? Karibuni mnisahihishe.